Herbert Evans, munganga wa panya aliyeonyesha kwamba dume pia anaweza kuwa tasa

Kwenye makambi ya wachimbaji, toka Rubaya mpaka Walikale, ndoa ikipita miaka miwili bila mimba, anaangaliwa mtu mmoja tu: bibi. Mama mkwe anaanza kuuliza kila siku, mashangazi wanafika na majani ya kuchemsha, na bwana, kama shimo limetoa kidogo, anashauriwa atafute mwingine. Ni mara chache mtu anauliza kama bwana mwenyewe iko sawa. Juu ya ile tumeona vema kuwaletea leo maisha ya mtu mmoja aliyeishi mbali sana na Kivu, kule California, Marekani, na ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta nini kinafanya mnyama azae ao asizae. Jina lake Herbert McLean Evans. Wanafunzi wa udaktari wanamjua. Sisi wengine tunamkuta bila kumjua, kila mara tunaposoma neno vitamini E kwenye chupa ya mafuta dukani.

Evans alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1882, katika Modesto, mji uliokuwa wakati ule mdogo, katikati ya mashamba ya ngano. Baba yake alikuwa munganga wa kupasua, na upande wa mama pia wanganga hawakukosa. Kwa hiyo njia ya kijana ilikuwa imekwisha kuchorwa na wakubwa. Alisoma kwanza universite ya California pale Berkeley, akamaliza mwaka 1904, kisha akavuka Marekani yote mpaka Baltimore, kwenye shule ya udaktari ya Johns Hopkins, akatoka na diploma ya munganga mwaka 1908. Lakini kutibu wagonjwa hakukumvuta sana. Kilichomvuta ni kuangalia ndani ya mwili: mishipa inaota namna gani, damu inapita wapi, mtoto anajengeka vipi tumboni.

Akiwa bado mwanafunzi alifanya kazi na Halsted, munganga mashuhuri wa kupasua. Pamoja walifuata vimishipa vidogo sana vinavyolisha tezi ndogo zilizojificha nyuma ya tezi la shingo. Kazi ile ilisaidia wanganga kutoa goitre bila kuharibu tezi zile ndogo, maana zikikatwa mgonjwa anashikwa na mitetemeko, anaweza hata kufa. Wasomaji wetu wa Idjwi, ambako goitre imejulikana tangu zamani, wataona kwamba haikuwa kazi ya mchezo.

Mwaka 1915 akarudi Berkeley kama profesa wa anatomia. Alikuwa na miaka 32, na watu waliofanya kazi naye walisema alikuwa mkali, mwenye haraka, mtu wa kukasirika upesi na wa kufanya kazi mpaka usiku. Alipenda vitabu vya zamani na alipenda kupanda milima. Na akaanza kufuga panya.

Hapa msomaji anaweza kucheka. Profesa mzima, na panya? Lakini panya wa kike anabeba mimba siku 22 hivi tu, anazaa watoto wengi, na chakula chake unaweza kukipima gramu kwa gramu. Ng’ombe ungemsubiri miaka. Pamoja na mwenzake Joseph Long, Evans alichanganya panya weupe wa laboratwari na panya wa porini aliyekamatwa pale pale Berkeley, wakapata aina mpya, wengi wao weupe mwilini na weusi kichwani kama waliovaa kofia. Wanaitwa mpaka leo panya wa Long-Evans. Mwaka 1922 wawili hao walitoa kitabu kikubwa kinachoeleza kwamba jike wa panya anakuwa tayari kupokea dume kila siku 4 ao 5, na kwamba unaweza kujua ile siku kwa kuchukua ute kidogo sana na kuuangalia chini ya mikroskopi. Linaonekana jambo dogo, lakini kabla yake mtafiti alikuwa anabahatisha. Tangu pale aliweza kusema bila kubahatisha: jike huyu yuko tayari, dume huyu amempanda, basi mimba ikikosa tutafute sababu.

Na sababu ilijileta yenyewe. Evans na mama mmoja munganga, Katharine Scott Bishop, walikuwa wanalisha panya wao chakula kilichotengenezwa kwa vitu vilivyosafishwa: protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe, chumvi za aina mbalimbali, pamoja na vitamini zilizojulikana wakati ule. Panya walinenepa. Manyoya yaling’aa. Ukiwaangalia ungesema ni wazima kabisa. Lakini watoto, hakuna. Jike alishika mimba kama kawaida, kisha watoto walikufa tumboni na mwili wenyewe ukawameza polepole, pasipo kitu kutoka nje. Wakamwongezea majani ya saladi mabichi, na jike yule yule akazaa. Mwaka 1922 walitangaza kwamba iko kitu ndani ya chakula, kinachokaa katika mafuta, ambacho bila chenyewe uzazi unakatika. Waliita kwanza kitu X. Mwaka 1924 mwanasayansi mwingine, Barnett Sure, akakipa herufi iliyofuata kwenye orodha: vitamini E.

Turuhusiwe kusimama kidogo kwa mama Bishop, maana vitabu vingi vinapita juu yake mbio. Ni yeye aliyejua kukata nyama za mwili nyembamba kama karatasi na kusoma ndani yake kifo cha mtoto kilianzia wapi. Baadaye aliacha laboratwari ile, na jina la Evans likabaki peke yake midomoni mwa watu. Si yeye peke yake. Ndani ya nyumba ile ya Berkeley walifanya kazi wanawake wengi, na bila mikono yao profesa asingekuwa na kitu cha kuandika.

Sasa tufike kwa dume, kwani njo pale habari yenyewe inaanza.

Kuhusu jike, Evans alikuwa amepata dawa: mpe vitamini mapema wakati wa mimba, atazaa. Kuhusu dume mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1925 aliandika kwamba madume wote waliolishwa chakula kisicho na vitamini E, mwisho walikuwa tasa, bila kubagua. Mwanzoni huwezi kuona kitu. Dume anakula, anakimbia, anampanda jike kama kawaida. Lakini ukiangalia mbegu zake kwa mikroskopi, zinaanza kupoteza mwendo. Kisha zinapungua, kisha hazionekani tena. Zile nyuzi ndogo ndani ya makende ambazo mbegu hutengenezwa humo zinanyauka. Na yakifika pale, hata umrudishie vitamini kiasi gani, haziamki. Jike alipona, lakini dume aliyechelewa hakupona.

Tunaomba wasomaji wanaume wasome tena mafungu yale. Nguvu za kitandani ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Panya wa Evans walikuwa na ile ya kwanza na wamekosa ya pili, na kwa macho tu hakuna mtu angewatofautisha na baba wa watoto kumi. Ni mbaya sana kwamba jambo lililoonekana kwa panya zaidi ya miaka 100 iliyopita bado halijaingia katika mabaraza yetu ya familia, ambako mwanaume akionekana na nguvu, kesi imefungwa.

Evans aliendelea kutafuta vitamini ile inapatikana wapi kwa wingi. Aliipata katika kiini cha punje ya ngano, kile kidogo ambacho mmea unachipukia. Viwanda vya unga mweupe vilikuwa vinakitoa na kukitupa pembeni, kwa sababu mafuta yake yanafanya unga uharibike upesi. Aliona pia jambo ambalo mama zetu wa mandazi wanapaswa kulijua: mafuta yaliyooza, yale yenye harufu kali, yanaharibu vitamini E, hata ile iliyokuwa ndani ya chakula kingine kilichochanganywa nayo. Mafuta mabaya hayaishii kwa kukosa faida, yanaiba na faida ya jirani.

Katikati ya miaka ya 1920 akaingia laboratwarini kijana mmoja kutoka Arkansas, George Burr. Wakisafisha chakula cha panya zaidi na zaidi, Evans na Burr waliona shida mpya. Panya waliopewa protini safi na sukari safi, pamoja na vitamini zote, lakini bila mafuta, hawakuendelea vizuri. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mafuta ni kuni tu: yanatoa nguvu, na ukikosa mafuta, mwili unajitengenezea yake kutoka kwa sukari ao wanga. Yaani mtu akishiba fufu, mafuta ni anasa. Burr alioa mmoja wa wafanyakazi waliotunza panya pale, Mildred Lawson, wakahamia Minnesota, na mwaka 1929 mume na bibi wakaandika kwamba panya asiyepewa mafuta kabisa anashikwa na ugonjwa: mkia unakuwa na magamba, figo zinaharibika, anakojoa damu, uzazi unavurugika, na mwisho anakufa. Mwaka 1930 wakataja dawa yenyewe. Si mafuta yoyote. Ni asidi ya mafuta inayoitwa linoleiki, inayopatikana katika mafuta ya mimea mingi, na ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mafuta magumu pekee hayakuponyesha.

Wataalamu wengi hawakupenda kusikia vile. Evans, kule Berkeley, aliamua kurudia kazi hiyo kwa njia aliyoijua yeye, yaani kwa kuangalia uzazi. Mwaka 1934, pamoja na Samuel Lepkovsky na Murphy, alitoa mfululizo wa maandiko katika jarida kubwa la kemia ya mwili la Marekani, na moja kati ya hayo lilihusu utasa wa madume wanaokula chakula kisicho na mafuta. Madume hao hawakukosa vitamini E. Walikosa mafuta yenyewe, na wakawa tasa. Kwa hiyo ni mambo mawili tofauti: iko vitamini inayokaa ndani ya mafuta, na ziko asidi za mafuta zenyewe, na dume anahitaji zote mbili.

Kwa nini mbegu ya mwanaume inadai mafuta hivyo? Ilichukua miaka mingi baadaye kuelewa vizuri. Mbegu ni kama mtumbwi mdogo wenye kichwa na mkia. Ndani ya kichwa hakuna nafasi ya akiba. Kazi yake ni kubeba urithi wa baba na kuogelea. Ngozi yake inayoifunika imejengwa kwa mafuta laini sana, hasa moja ya aina ya omega-3 ambayo iko pia kwa wingi katika ubongo na ndani ya jicho. Ulaini ule unafanya mkia upige maji vizuri na kichwa kiweze kuingia katika yai. Lakini mafuta laini yanaharibiwa upesi na oksijeni, sawa vile mafuta yanavyooza yakiachwa wazi. Vitamini E inakaa pembeni yake kama mlinzi. Ukikosa mafuta laini, mtumbwi unakuwa mgumu. Ukikosa mlinzi, mtumbwi unaoza.

Mwaka 1936 Evans na mume na bibi wengine wawili wa laboratwari, Oliver na Gladys Emerson, wakafaulu kuitoa vitamini E safi kutoka mafuta ya kiini cha ngano. Ilihitaji jina. Evans alimwendea profesa wa Kigriki wa Berkeley, George Calhoun, akamwomba neno. Akapewa tokoferoli, jina lililojengwa kutoka maneno ya Kigriki yenye maana ya kuzaa mtoto na kubeba. Ni jina zuri, lakini lilileta shida. Wauzaji wa dawa waliposikia vitamini ya kuzaa, walianza kuiuza kama dawa ya tasa, ya nguvu za kiume, ya ujana usioisha. Biashara ile haijakufa. Pitia Birere ao soko la Virunga, utaona vichupa vyenye picha ya simba ama ya mwanaume mwenye misuli, vikiahidi mtoto ndani ya mwezi mmoja.

Basi tuseme wazi mambo yalivyo, kwani panya si mtu. Kwa mtu anayekula chakula cha kawaida, ni vigumu sana kukosa vitamini E kwa kiwango cha panya wa Berkeley. Mwaka 2020, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio ambamo wanaume wenye mbegu dhaifu walipewa vidonge vya vitamini E, vitamini C, selenium na vingine, na wenzao wakapewa vidonge vitupu. Vidonge vile havikuboresha mbegu. Kwa hiyo mwenye kukuuzia kichupa kwa dola 20 anachukua pesa yako, haleti mtoto.

Chakula chenyewe, hapo ushahidi unapumua zaidi. Mwaka 2012, kwenye universite nyingine ya California, ya Los Angeles, vijana wa kiume wazima 117 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikula kila siku gramu 75 za zile wanaita noix, zenye mafuta laini mengi, kwa wiki 12, na mwendo wa mbegu zao ukawa bora kuliko wa wenzao. Huko Denmark, kati ya vijana 701, wale waliokula mafuta magumu mengi zaidi walikuwa na mbegu chache zaidi, karibu theluthi moja na zaidi kidogo chini ya wale waliokula kidogo. Haya yalipima mbegu, hayakuhesabu watoto waliozaliwa, na vijana wa Ulaya wanaokula nyama na siagi kila siku hawana shida moja na mchimbaji wa Masisi. Lakini yanaenda upande ule ule Evans alionyesha na panya wake: aina ya mafuta mwanaume anayokula inafika mpaka kwenye mbegu. Na kwa kuwa mbegu inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, chakula cha wiki moja hakibadili kitu. Unahesabu miezi mitatu.

Huku kwetu tunafanya nini na habari hii? Tukumbuke kwanza kwamba mchikichi ni mti wa Afrika, na mawese mekundu yana vitamini E kwa wingi, pamoja na asidi ya linoleiki, karibu sehemu 1 kwa 10. Nusu ya mawese lakini ni mafuta magumu, hilo tusilifiche. Sombe iliyopikwa na mawese na karanga ni chakula ambacho Evans angekiandika kwenye daftari lake kwa furaha: majani ya kijani, vitamini, na mafuta ya karanga yenye linoleiki zaidi kuliko mawese. Ukiongeza sambaza wa ziwa, wale wanaoshushwa asubuhi Kituku, unapata pia ile omega-3. Kinachoharibu ni mambo mawili. La kwanza ni kuchoma mawese mpaka yawe meupe, jinsi wengine wanavyopenda, ambapo rangi nyekundu inakufa pamoja na sehemu ya faida. La pili ni mafuta ya kukaanga yanayorudiwa siku nyingi mpaka yanakuwa meusi. Shimoni, ambapo mchimbaji anaweza kupitisha wiki nzima kwa fufu na maharagi yasiyo na tone la mafuta, na jioni pombe kali, karanga za mfukoni si mchezo wa watoto.

Wakubwa wa migodi ya zamani walijua hesabu hiyo kwa namna yao. Kule Katanga, tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae na bibi zao na wazae, maana kuleta watu wapya kila mwaka kuligharimu pesa mingi. Ndani ya posho walitia karanga na mawese pamoja na unga. Hawakufanya vile kwa upendo, walikuwa wanahesabu mikono ya kesho. Ni wachimbaji wa leo, wanaojilisha wenyewe chini ya PDG wa shimo, ambao hakuna mtu anayewapimia posho.

Na tusimdanganye msomaji kwamba mafuta yanamaliza kila kitu. Wakati Evans akiandika juu ya panya, wakoloni wa Kibelgiji walikuwa na hofu juu ya sehemu za Kongo ambazo vijiji vilikuwa havizai, hasa upande wa Équateur na wa kaskazini. Walifikiria mengi, mpaka ikaonekana kwamba sababu kubwa ni magonjwa ya zinaa, kisonono mbele ya yote, yanayoziba mirija ya mwanamke na pia njia ya mbegu ya mwanaume. Ugonjwa kama ule hautibiwi na karanga. Unatibiwa na antibiotiki, na watu wawili pamoja, si mmoja. Kambi ya wachimbaji, na maisha yake tunayojua, ni mahali pa kufikiria hilo kabla ya kufikiria vitamini.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anakutana na shida ya kutopata mtoto katika maisha yake. Karibu nusu ya ndoa zile, mwanaume ana sehemu yake katika sababu, peke yake ama pamoja na bibi. Kipimo cha mwanzo kwa mwanaume kinaitwa spermogramu. Hakuna sindano, hakuna kupasuliwa. Anatoa mbegu katika kichupa safi, na laborantini anaziangalia na mikroskopi, anahesabu, anatazama mwendo, sawa vile walivyofanya Berkeley kwa madume wao. Ikitoka mbaya, inarudiwa baada ya wiki kadhaa, maana hata malaria yenye homa kali inaweza kuiharibu kwa muda. Kwa bibi vipimo ni vingi zaidi, vinauma zaidi, na vinagharimu zaidi. Tunashangaa kwa nini desturi inaanza na yeye.

Evans mwenyewe aliendelea. Tangu mwaka 1930 aliongoza Taasisi ya Baiolojia ya Majaribio, iliyoundwa pale Berkeley kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa ameonyesha tangu mwanzo wa miaka ya 1920 kwamba tezi ndogo chini ya ubongo inatoa kitu kinachofanya panya awe jitu, na mwaka 1944, pamoja na Choh Hao Li, kijana aliyetoka China, akatoa safi homoni ile ya kukua. Kuna rangi ya buluu ya kupimia wingi wa damu mwilini inayobeba jina lake. Hakufaulu katika yote. Mwaka 1929, pamoja na Olive Swezy, aliandika kwamba mtu ana kromosomu 48, na hesabu ile ilikaa katika vitabu mpaka mwaka 1956 watu wawili huko Sweden walipohesabu vizuri na kupata 46.

Pesa zake nyingi ziliishia kwenye vitabu. Alikusanya matoleo ya kwanza ya vitabu vya wanasayansi wakubwa, akauza makusanyo yake yalipombana, kisha akaanza kukusanya tena. Alioa mara tatu. Tuzo ya Nobeli hakuipata, ingawa vitamini E, homoni ya kukua, na ile namna ya kusoma siku za jike vilistahili kufikiriwa. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na akafa Berkeley tarehe 6 mwezi wa 3 mwaka 1971, akiwa na miaka 88. Katharine Bishop, aliyeona pamoja naye watoto wa panya wakifia tumboni, alimfuata miaka michache baadaye. Panya wao wenye kofia nyeusi wanafugwa mpaka leo katika laboratwari za nchi nyingi.